Bunduki Nilizochonga kwa Filme Yetu

Mimi ni fundi wa mbao, na katika Butembo nzima hajatokea mtu wa kuchonga bunduki kunishinda. Nasema hivyo mapema, maana watu wa kwetu wakiona mwanamke ameshika randa wanauliza kwanza bwana yake yuko wapi. Kazi nilifundishwa na baba: vitanda, milango, makabati, na wakati wa vita, Mungu atusamehe, masanduku ya maiti. Bunduki zilikuja kwa ajili ya ndugu yangu mdogo.

Ilikuwa miaka ile mji ukiwa mikononi mwa waasi. Leo kundi hili, kesho lile, na sisi tulizoea kuamka bila kuuliza anayetutawala ni nani. Umeme hakuna, barabara ya Kanyabayonga leo inapitika kesho haipitiki, mais sale ya video, ule ukumbi wa kutazamia filme, haikukosa watu. Jenereta ilinguruma nyuma ya soko, na ndani vijana walibanana kwenye mabenchi niliyotengeneza mimi, wakiangalia wanaume wenye misuli wanapiga risasi zisizoisha. Ndugu yangu alikuwa mle kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa mwanaume tayari, ndevu zimeota. Aliimba sauti ya chini katika kwaya, akalima viazi kwa mjomba wetu Masereka, na kichwani mwake hamkuwa na kitu isipokuwa kimoja: filme ya vita itengenezwe Butembo, na watu wa Butembo, na yeye awe ndani.

Mpiga picha wa harusi alikuwa na kamera, akakubali kuongoza. Wanaume wa kwaya wakakubali kuigiza. Zikabaki silaha. Ndugu yangu akaja kwenye ateliye yangu ya useremala, akasimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "unaweza kuchonga bunduki?"

"Naweza kuchonga hata weye," nikamjibu. "Leta mbao."

Sasa sikiliza upuuzi wa vita. Bunduki za kweli zilipita mlangoni pangu kutwa kucha. Basoda, askari wa kundi lililotawala siku hiyo, walikuja kuagiza viti, wakazilaza palepale juu ya meza yangu ya kazi, kwenye vumbi la mbao. Mais nani angethubutu kuziangalia? Ukiikazia macho bunduki ya soda, atakuuliza kama umeipenda, na swali hilo halina jibu zuri. Donc mimi, ambaye vita vilikuwa vinakalia viti vyangu, bunduki nilienda kujifunzia kwenye filme. Ilinikasirisha, lakini nilienda.

Niliingia sale ya video na kipande cha tete. Nikamwomba mwenye sale asimamishe picha pale shujaa anapogeuka ubavu na bunduki yake, nikapita mbele ya wote, nikaanza kupima kwenye kioo. Kitako mikono mingapi ya shujaa, mtutu mikono mingapi, kile kifuko cha risasi kilichopinda kimeshuka mpaka wapi. Nyumbani ningetumia mkono wa ndugu yangu badala ya mkono wa shujaa, na bunduki ingekuja na ukubwa wake halisi. Nyuma yangu watu walilalamika kwamba nawaziba. Mmoja akauliza kama shujaa ameagiza kabati.

"Ameagiza," nikasema bila kugeuka. "Na kwako ntaleta sanduku." Wakacheka, wakaniacha nipime.

Vitako nilichonga kwa mti wa avoka, yaani mparachichi, maana ni laini na unatii kisu. Mitutu ilikuwa ya mkaratusi. Nilipasua betri kuukuu za redio, nikasaga ule mkaa wa ndani, nikaupaka, na juu yake sirage ya viatu, nikasugua kwa kitambaa mpaka mti ukang'aa kama chuma kilichopakwa mafuta. Halafu nikatengeneza ile kubwa. Ile ya miguu miwili mbele, ambayo shujaa huilaza juu ya mawe akalizuia jeshi zima peke yake. Mkanda wake wa risasi niliukata kwa mianzi myembamba, kipande kwa kipande, nikaufunga kwa kamba na kuupaka manjano, na ulipotikisika ulilia kweli. Siku niliyoiegemeza ukutani ikauke, jirani yangu muuza makaa alizunguka nyumba nzima asipite mbele ya mlango. Nilifurahi wiki nzima. Sijawahi kufurahia kabati namna ile.

Wenye shida walikuwa waigizaji. Mpiga picha alisema, "Shambulieni," na wanaume wote wa kwaya wakatupa bunduki begani, wakashika mtutu mbele, kitako kikining'inia mgongoni, wakapanda kilima kwa hatua ndefu za polepole. Kwetu kitu chenye mpini kinabebwa hivyo. Mtoto anaona baba yake anatoka na jembe begani asubuhi, na hakuna anayemfundisha namna nyingine.

"Munaenda kupigana ao munaenda kulima?" mpiga picha akafoka.

Akawashusha, akawaonyesha, wakaelewa, wakapanda tena, na kufika nusu ya kilima majembe yalikuwa yamerudi begani. Ndugu yangu, shujaa mwenyewe, ndiye alikuwa wa kwanza kusahau. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani.

Hata hivyo nusu ya filme ilipigwa. Nusu ya pili mpiga picha aliitaka ipigwe kule Mutwanga, ili mlima mkubwa uonekane nyuma ya shujaa. Akatangulia na kamera yake kutafuta mahali. Ndugu yangu angemfuata na bunduki zote kwa pickup inayopitia Beni.

Nilimwambia azifunge juu ya mizigo, wazi, kila mtu aone ni mbao, watoto wamcheke njiani. Yeye akasema watu wataogopa. Akazitia chini ya gunia la poireaux, akazifunika kwa ile harufu ya majani ya kitunguu, akajiona mjanja. Nikamkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akanibusu kichwani akaondoka.

Jua lilikuwa bado utosini dereva aliporudi, peke yake.

"Ndugu yako bamemushika ku bariyera ya basoda, karibu ya kufika Beni," akasema. "Banasema ni mwizi wa barabara. Banangoja komanda aamue."

Miaka ile kila mtu alijua maamuzi hayo. Aliyekutwa na silaha barabarani hakuona mahakama. Alipelekwa nyuma ya migomba, na familia ikaitwa kuchukua mwili. Mama alishika rozari yake. Mimi nikashika msumeno, nikapanda pickup, na njia nzima nilikuwa na hasira kuliko woga. Namshukuru Mungu kwa hasira ile, kwa sababu woga ungenishusha njiani.

Nilimkuta amekaa chini bila shati, mikono imefungwa nyuma, upande mmoja wa uso umevimba. Bunduki zangu zilipangwa juu ya turubai, na nakiri zilipendeza. Komanda alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikapiga goti kidogo.

"Jambo, mon commandant. Mimi ni yaya wa huyu. Ile bintu yote nilichonga mimi. Ni miti. Ni ya filme."

Akaniangalia juu mpaka chini, akaangalia msumeno. Akaokota bunduki moja, akaipitishia kiganja, na kiganja kikawa cheusi kwa sirage.

"Mama, najua ni muti," akasema. "Unazani mimi mutoto? Batu banaibiwa na miti pia. Mwenye anaamuriwa kutoa mali yake, atagonga kwanza kusikia kama ni chuma? Na filme iko wapi? Kamera iko wapi?"

Kamera ilikuwa Mutwanga. Alisema kweli, na kweli yake ilikuwa inamuua ndugu yangu mbele yangu. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba mti ni mti, na hapakuwa na mtu aliyebisha.

Komanda akaamuru afunguliwe mikono. Akamtupia bunduki.

"Simama. Tuonyeshe vile unaibia batu. Ukidanganya, naona."

Ndugu yangu akasimama. Akaishika bunduki, akaangalia barabara, akaangalia wasafiri wenzake wa pickup, walioshushwa na kuzuiwa pembeni. Nadhani alitaka kweli kuonyesha, maana alikuwa mtu wa kutii. Akaitupa begani. Mtutu mbele mkononi, kitako mgongoni, akaenda hatua tatu kama mtu anayewahi shamba kabla ya jua kali.

Soda mmoja kijana ndiye alianza kucheka. "Oyo moto ya bilanga," akasema kwa Lingala, huyu ni mtu wa mashamba, na wenzake wakainama kwa kicheko, na wale mama wa pickup nao, waliokuwa wamekauka kwa hofu, wakacheka wakijifuta machozi. Komanda aligeuza uso pembeni. Alipourudisha alikuwa ameukaza tena.

"Bon," akasema akijipangusa kiganja kwenye suruali. "Kama ni muchezo, vunja. Yote. Mwizi hawezi kuvunja chombo chake cha kazi bila kulia."

Nikaweka goti juu ya ya kwanza, nikainua msumeno. Hapo ndugu yangu akasema.

"Yaya, hapana. Ile kubwa usikate."

Kicheko kikakatika. Komanda akamgeukia, na niliona macho yake yanampima upya. Mtu amevimba uso, shimo linamngoja nyuma ya migomba, na anaombea mti.

"Funga kinywa," nikamwambia, na sijawahi kumwambia mtu neno kwa ukali ule. Nikaanza kukata.

Nilizikata zote. Chini ya weusi mti ulitoka mpya, mweupe kwenye avoka, mwekundu kwenye mkaratusi, na unga ukaanguka juu ya turubai yao. Nilikata wima bila kupindisha, maana hata kuharibu kuna kuharibu kwa fundi, na sikutaka mtu yeyote pale aseme nilitetemeka. Ile kubwa ilikuwa ya mwisho. Iliniuma, nisifiche. Niliikata kifuani, nikakata miguu, nikakata mkanda katikati, na mianzi ikatawanyika hadi kwenye buti za komanda.

Aliokota kipande, akakigeuza, akaangalia mahali nilipounganisha kitako na mtutu bila msumari hata mmoja.

"Na bitanda unatengeneza?" akauliza polepole.

"Natengeneza. Utakuja Butembo, utangoja zamu yako."

Akakiangusha kile kipande, nami nikajua nimepita mpaka. Kisha akatikisa kidole kuelekea pickup. "Beba mukulima wako. Beba na kuni zako."

Njia yote ya kurudi ndugu yangu alikaa amekumbatia gunia la vipande, machozi yanashuka. Nilidhani mbavu zinamuuma. Nikamuuliza ni wapi.

"Ile kubwa," akasema.

Mkono wangu ulitaka kumzaba kofi. Halafu nikamwangalia vizuri. Vijana wa umri wake walikuwa wanaondoka vijijini mmoja mmoja, kwa nguvu ama kwa hiari, kwenda kupewa bunduki za kweli, na mama zao hawakujua wanalilia kaburi lipi. Wa kwetu alikuwa analilia avoka. Nikajisikia fahari, nikageuza uso niangalie barabara.

Filme haikuisha. Kamera ilirudi, mpiga picha akakasirika na sisi sote, akarudia harusi zake. Mama yeye hakuuliza maswali. Jioni ile alimwaga gunia jikoni, akachochea moto kwa vitako na mitutu, akapika maharage, na sirage ikatoa moshi mweusi uliotufukuza nje mara mbili.

"Yaya yako anajua kuchagua mbao," akamwambia ndugu yangu akimpakulia. "Inawaka vizuri."

Ndugu yangu akacheka kwa upande wa mdomo usiovimba. Akala, akasogeza sahani aongezewe.