Petroli Katika Chupa za Achari

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinipitia puani nasimama kwanza. Si petroli tupu, hiyo nimeizoea. Ni ile ya petroli iliyotiwa spiriti, ikakaa na mpira siku nyingi, ikawa na utamu fulani wa kuchefua. Juzi nimekutana nayo hapa hapa ofisini kwangu, mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, China. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kanada mwenye gari lililozaliwa kabla yangu, alinitumia kipande cha paipu yake ya mafuta nimtafutie inayofanana nacho. Nikafungua bahasha, nikanusa, nikakirudisha kipande mezani polepole. Binti ninayefanya naye kazi akaniuliza, "Dada Salma, mbona umebadilika uso?" Nikamwambia ni joto. Nyie nitawaambia ukweli.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, mtoto wa pekee, tukikaa ghorofani katika jengo la zamani, mtaa wa nyuma kidogo ya hapa. Baba yangu, mtu wa Tanga, alikuwa akiwafungia wafanyabiashara makontena na kuyasindikiza mpaka bandari ya Nansha. Mama naye alikuwa na mdogo wake mmoja, Mjomba Hafidhi, aliyekwenda Kanada kusoma na asirudi. Mjomba alikuwa na akili zake timamu kwa kila jambo isipokuwa gari. Alinunua gari la Kifaransa la zamani, aina ile ile aliyokuwa nayo marehemu babu pale Tanga, akalipenda kama mtu anavyompenda mtoto mgonjwa. Majira ya baridi alililaza gereji na kulifunika blanketi, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani huko ingelila bodi. Barafu ikiisha analiamsha, na ndipo simu zinapoanza.

Maana spea za gari lile Kanada hazikuwepo. Zamani alikuwa akiziagiza Amerika, mzigo unafikia kwenye kiduka upande wa pili wa mpaka, yeye anavuka daraja kwenda kuuchukua na kurudi kupanga foleni ya forodha. Baba akamcheka. "Shemeji, mimi niko kwenye mji wa mipira na vyuma, wewe unahangaika na mpaka?" Akamnunulia paipu ya mafuta kwa laoban mmoja wa spea. Laoban maana yake bosi, na huku kila muuza duka ni bosi hata kama duka lenyewe ni meza. Baba akamuuliza kama paipu ni nzima. Laoban akajibu, "Mei wenti," yaani hakuna tatizo, jibu ambalo mimi leo nikilisikia ndiyo kwanza nakaza macho. Paipu ikatumwa, Mjomba akaifunga, majira ya baridi yakaingia.

Haya yote niliyajua kwa mafungu mafungu. Kilichonikuta mimi ni kwamba siku moja ya ule unyevu wa Aprili, ambapo kuta za Guangzhou zinatoka jasho na nguo hazikauki hata uzibembeleze, nilirudi shule nikamkuta Baba amechuchumaa roshani. Mbele yake kulikuwa na chupa za achari za Mama, zile za kioo. Ndani ya kila chupa kulikuwa na maji ya njano hafifu na kipande cha mpira mweusi kimezama. Nikauliza ni dawa ya nini. Akashtuka, akatazama mlangoni, kisha akanivuta kando yake.

"Ni petroli," alisema. "Kaa, nikwambie, lakini hii ni siri yetu."

Akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima. Kanada, petroli yao wanaichanganya na spiriti ya mahindi. Magari mapya yanainywa bila shida, lakini mipira ya kizamani haikutengenezwa kwa spiriti. Inalainika, inatoka jasho, mwisho inadondosha mafuta juu ya injini ya moto. Mjomba alikuwa amempigia kumwambia kwamba paipu aliyomtumia imeanza kulainika. Sasa Baba hakutaka tena kumsikiliza laoban yeyote. Alikuwa amekusanya vipande kutoka maduka mbalimbali, akafyonza petroli kidogo kwenye gari la rafiki yake, kwa sababu huku huuziwi petroli kwenye dumu hivi hivi, akaichanganya na spiriti mwenyewe. Kipande kitakachobaki kigumu ndicho kitakachokwenda Kanada.

"Mama yako asijue," alimalizia. "Akijua gari la ndugu yake linavuja atapata presha. Na wewe usiguse, wala usiwashe kitu hapa. Huu mvuke wake wewe huuoni, lakini moto unauona. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilivimba, wenzangu. Baba yangu, mtu wa makontena, kanichagua mimi. Akazisukuma chupa nyuma ya mtambo wa kipoozahewa, akazifunika gunia, akaondoka. Fahari yangu haikufika hata magharibi.

Kwa sababu Mama aliwasha jiko. Mnajua jiko la gesi linavyofanya likiwashwa, ule mlio wa "fyu"? Nimeusikia maisha yangu yote, lakini siku ile niliruka. Mama akanitazama tu. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Kila kitu nyumbani mwetu kiligeuka kibiriti. Jirani wa juu alikuwa mvutaji mzuri wa sigara, na alikuwa na tabia ya kuvitupa vishungi kupitia vyuma vya roshani yake, vinapita mbele ya kwetu vikiwa bado vyekundu. Zamani nilikuwa nikiviangalia kwa kufurahi. Sasa nikawa nakaa nyuma ya kioo cha mlango na daftari la shule mapajani, nasubiri kishungi, na kikipita napumua. Nilikuwa nikilala naota gunia linafuka. Chakula hakipiti. Mama akaniangalia ulimi, akanipa maji ya tangawizi, akasema huu unyevu utatuua.

Huku nyuma Mama alikuwa akizitafuta chupa zake. "Mtu na akili zake anaiba chupa tupu za achari?" alikuwa akisema peke yake, akifungua kabati na kulifunga. Baba alikuwa akiinamia sahani yake kama anayetafuta mfupa wa samaki, na mimi nainamia yangu.

Ikafika Alhamisi. Kwetu, Alhamisi jioni nyumba hufukizwa udi, iwe Tanga iwe China. Mama alikuwa na chetezo chake cha udongo alichokuja nacho kutoka nyumbani kimefungwa ndani ya kanga, na vidonge vya makaa alivinunua hapa hapa mtaani. Baba alikuwa Nansha tangu asubuhi. Hofu haikuwa kubwa sana siku hiyo, kwa sababu nilijua njia ya Mama: sebuleni, chumbani, ukumbini, basi. Roshani hakuwahi kufukiza, alikuwa akisema upepo haulipi udi.

Mama alikuwa na furaha. Akikipulizia kidonge cha makaa mpaka kikawa chekundu, akawa ananipigia soga.

"Bibi yako leo anatoka," alisema. Bibi, mama yake, alikuwa kwa Mjomba Kanada tangu baridi, hajauona mlango. "Kule sasa hivi alfajiri. Hafidhi anampeleka kwenye maporomoko ya maji, na lile gari kama la babu yako. Mama kamsihi mpaka kakubali, na usiku hajalala kwa hamu."

Mama alijua safari, hakujua paipu. Baba alijua paipu, hakujua safari, kwani Mjomba alikuwa amemwahidi gari halitatoka mpaka paipu mpya ifike. Mimi peke yangu, nimesimama pale jikoni na soksi za shule, ndiye niliyejua yote mawili. Nilifungua mdomo. Nikaikumbuka siri ya Baba, nikaufunga, nikamfuata Mama nyuma.

Akamaliza sebule. Akamaliza chumba. Nikasema moyoni, haya, sasa atakiweka chini. Badala yake akageuka kuelekea roshani.

"Kanzu ya baba yako haikauki na kesho Ijumaa," alisema. "Ngoja niipitishie udi hapo hapo kwenye kamba, angalau isinuke uvundo."

Nikamtangulia mlangoni, nikaushika mlango wa kioo kwa mikono miwili nyuma yangu. Udi ulikuwa unapanda usoni mwangu, na kwenye upenyo wa mlango, mgongoni, naisikia ile harufu nyingine. Joto la jioni lile lilikuwa limezichemsha zile chupa. Mama akasema, "Pisha." Sikupisha. Akasema, "Salma, makaa haya yataniunguza, pisha." Nikahisi soksi zinalowa, na si kwa unyevu wa Aprili. Yeye akanisogeza kwa goti, kwa upole kabisa, akashika kitasa.

Kando ya mlango kulikuwa na beseni la kupigia deki. Sijui nililiinua vipi. Najua tu kwamba maji yote yalimmwagikia Mama kifuani na mikononi, chetezo kikaanguka na kuvunjika, makaa yakalia kwa sauti mbaya, na majivu yakatapakaa sakafu nzima. Udi wake wa gharama ukaogelea mpaka chini ya kochi.

Mkono wa Mama uliinuka. Niliuona ukija, nikafumba macho. Haukufika. Nilipofumbua, mkono bado ulikuwa hewani, na pua yake inafanya kazi. Udi ulikuwa umezimika, na harufu iliyobaki ilikuwa moja. Akafungua mlango, akalivuta gunia, akazikuta chupa zake za achari.

"Ni za gari la Mjomba," nikasema, na sasa maneno yalikuja yote kwa pamoja, na machozi na makamasi. "Paipu yake inayeyuka. Baba anatafuta ngumu. Bibi asipande, Mama, Bibi asipande."

Mama akanisogeza kando. Alifunga ule mlango, akafuta mikono kwenye kanga iliyolowa, akachukua simu. Mjomba hakupokea. Akapiga tena. Akapiga tena, na mimi nimemshika nguo. Aliyepokea alikuwa Bibi.

"Mwanangu, tuko njiani," Bibi alisema, simu ile ilikuwa na sauti kubwa nami nikasikia kila neno na mngurumo wa injini nyuma yake. "Gari tamu hili, utasema la marehemu babako. Hata ile harufu yake ya petroli, imo humu humu ndani. Nanusa tu na kukumbuka."

Mama alikaa chini sakafuni, juu ya majivu na maji. Lakini sauti yake haikuyumba. Mpaka leo sijui aliitoa wapi. "Mama," alisema, "mwambie Hafidhi asimame hapo hapo. Azime gari. Wewe ushuke kwanza, halafu ndiyo mtaniuliza."

Tukasikia Bibi akilalamika kwamba nje kuna baridi. Tukasikia mngurumo ukikatika. Mlango. Kisha magari ya watu wengine yakipita kasi huko mbali duniani. Baada ya muda Mjomba akachukua simu.

"Dada," alisema. "Nimefungua boneti. Petroli inadondokea injini. Mama nimemweka mbali na gari. Yuko salama."

Baba aliporudi, Mama alikuwa amekwisha kubadili nguo na kupiga deki. Hakumgombeza. Alimweleza, kwa mpangilio, kama anavyoeleza hadithi ya watu wengine. Alipofika mahali ambapo Bibi alikuwa akinusa petroli na kufurahi, Baba aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni na viatu vyake, akaweka uso kwenye viganja. Nikaona analia. Sikuwahi kumwona hivyo, na hilo lilinitisha kuliko chupa. Kisha Mama akamwuliza ni mpira upi uliobaki mgumu. Akamwonyesha. "Tuma huo," Mama alisema, "na petroli yako itoke nyumbani kwangu sasa hivi." Baba akazishusha chupa chini kwa uangalifu, akazipakia kwenye gari la rafiki yake, na paipu ikaenda Kanada, na Bibi akayaona maporomoko yake kwa basi.

Miaka mingi nilikuwa nikiisimulia hadithi hii kwa kujisifu. Baba alikuwa na siri, akaona mwenye akili nyumbani ni mimi, akanikabidhi. Nilikwenda nayo hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima, nimekaa naye ofisini humu humu, naye keshastaafu anakuja tu kunywa chai yangu na kukosoa hesabu zangu. Nikamwuliza kwa utani, kwa nini zile chupa hakuziweka ofisini, mbali na mkewe na mtoto wake.

"Ofisini nisingeziona," alisema. "Nilikuwa naamka kuzitazama. Paipu ile ya kwanza niliituma mimi, Salma. Nikifumba macho naona gari linawaka na shemeji yangu ndani."

"Na kwa nini ukaniambia mimi?"

Akakizungusha kikombe. "Ningemwambia nani? Mama yako ndiye dada yake. Marafiki wangenicheka. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Ukaja wewe kutoka shule, ukaniuliza."

Nilimwongezea chai. Siku zote zile nilizokaa nyuma ya kioo nikisubiri vishungi vya jirani, nilidhani ni mimi tu niliyekuwa macho kwa woga nyumba nzima, na kwamba Baba, mkubwa, analala. Kumbe hakunichagua kwa akili zangu. Alihitaji mtu wa kuogopa naye, na alikuwa hana mwingine.