Bafu la Kuingia na Ndala

Wateja walimwita Mama Pindo, kwa sababu mtaa mzima haukuwa na fundi cherehani mwingine wa kukunja pindo la suruali kama yeye. Alipoingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi, jambo la kwanza alilofundishwa na mama mkwe wake halikuwa jiko wala akiba. Alifundishwa kuvaa ndala kabla ya kuingia bafuni.

Bomba la bafuni lilikuwa linapiga shoti. Ukiwa na ndala za mpira ulihisi kama unatekenywa vidoleni tu. Ukiwa peku, mkono ulirushwa. Basi ndala zilikaa mlangoni mwa bafu siku zote, na mtu akitoka alizipanga vizuri kwa ajili ya anayefuata. Mtoto wa nyumba ile alijua kuvaa ndala kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. "Bomba letu lina salamu," mumewe aliwaambia wageni wa karibu, nao walicheka. Watu wazima na akili zao, walicheka.

Mume huyo waliyemwita Mzee Stoo, kwa kazi yake ya zamani ya kutunza vipuri, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbishi, na ubishi wake aliuita msimamo. Nyumba aliirithi kwa baba yake pamoja na nyaya zilizozeekea ukutani. Taa ya sebuleni ilipepesa, soketi ya jikoni iliungua ikawa ya kahawia, na fyuzi ilikatika kila pasi na hita ya maji vilipowashwa pamoja. Mzee Stoo alipochoshwa na kukatika huko, alitoa ule uzi mwembamba ndani ya fyuzi akafunga kipande kinene cha waya wa shaba. Fyuzi haikukatika tena, na alijisifu kwa muda mrefu.

Mama Pindo ndiye aliyemleta fundi umeme, kijana waliyemwita Testa kwa sababu kifaa hicho cha kupimia umeme hakikutoka mfukoni mwake. Alikigusisha kwenye bomba, kikawaka.

"Hita yenu inavuja umeme, mama," alisema. "Na humu ukutani kuna nyaya mbili tu. Hakuna ule wa tatu, wa kuupeleka umeme ardhini ukivuja. Kwa hiyo unakaa kwenye mabomba unamsubiri mtu."

"Fyuzi si ipo?" Mzee Stoo akauliza.

"Ile si fyuzi tena, mzee, ni waya tu. Mtu akishikwa hapa, hakuna cha kukata umeme. Tuvunje kidogo ukuta, tupitishe nyaya mpya, tuweke breka ya kujikata yenyewe."

"Uvunje ukuta upi? Lipu hii kaipiga marehemu baba yangu kwa mkono wake."

"Itarudishiwa, mzee."

"Umeme huu nimeishi nao tangu utoto. Umeniua?"

Testa alimtazama, kisha akafunga begi lake. "Leo bomba hili linang'ata tu. Kuna siku litashika lisiachie."

Maneno hayo yakaingia sikio hili yakatokea lile. Mama Pindo aliendelea kuomba, mara kwa upole, mara kwa kununa, mpaka akachoka. Alitaka amani ndani ya nyumba, akaipata.

Kisha mtoto wao wa pekee akaoa, akamleta mkewe wakae hapo mpaka wapate kwao. Msichana alikuwa mpole, amelelewa, na kabla ya muda mrefu alikuwa na mimba. Mama Pindo alipanga kumweleza habari ya bomba, lakini aibu ikamkaba. Utamwambiaje mtoto wa watu kwamba kwenu maji yanapiga? Akirudi kwao atasema ameolewa wapi? Kwa hiyo alisema tu, "Huku bafuni tunaingia na ndala, mwanangu."

"Sawa, mama."

Msichana alidhani ni mambo ya usafi. Vidole vikimtekenya aliona ni mwili wa mimba. Mumewe naye hakumwambia, maana kwake lilikuwa jambo la kawaida, halina hata la kusimulia.

Asubuhi moja Mama Pindo aliona ndala zimeota ukoko wa sabuni, akazikusanya, akazisugua, akazianika uani. Mzee Stoo alikuwa bafuni na zake mwenyewe; alipotoka, mlangoni zikabaki hizo peke yake, pale alipozivua. Mkwe akaja na taulo lake. Mwanamke aliyefunzwa kwao hatii mguu katika kiatu cha baba mkwe, na huyu alifunzwa. Alizisogeza pembeni kwa adabu, akaingia peku.

Mama Pindo akiwa kwenye cherehani alisikia ndoo ikianguka. Aliita, hakujibiwa. Alimkuta mkono umeng'ang'ania bomba, macho wazi, sauti haitoki. Alijua asimguse. Alikimbilia swichi kubwa ya ukumbini akaivuta, na msichana akaporomoka sakafuni. Shaba ya Mzee Stoo ndani ya fyuzi ilikuwa nzima kabisa.

Msichana alipona. Mtoto hakupona.

Hospitalini alilala na kiganja kilichofungwa bandeji. Mama Pindo alikuwa amejiandaa kwa machozi, hata kwa matusi.

"Mama," msichana alisema, "zile ndala zilikuwa za nini?"

Mama Pindo alijikaza. "Bomba linapiga shoti."

"Tangu lini?"

"Mimi nimelikuta."

"Mimi nilidhani ni usafi."

"Najua, mwanangu."

"Ungeniambia tu. Ningezivaa hata hizo za baba."

Akageukia ukutani. Alipotoka hospitali alikwenda kwao, mumewe akamfuata, na chumba chao kikabaki na kitanda kilichotandikwa.

Mzee Stoo hakusubiri kuambiwa. Alimwita Testa mwenyewe, akamwonyesha pa kuvunja, akashika hata nyundo. Nyaya za zamani zilitolewa zikiwa zimekauka, maganda yake ya plastiki yanapukutika mkononi. Kazi iliyokataliwa miaka yote ilikwisha ndani ya wiki moja, lipu na rangi juu. Mama Pindo alipoona jinsi ilivyokuwa nyepesi, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo jioni mumewe alimwita bafuni. Alikuwa peku, suruali ameikunja, maji yanamtiririkia miguuni, na kiganja chote amekibandika kwenye bomba.

"Njoo ushike, mama. Halina kitu. Hata umeme ukivuja kidogo tu, unajikata wenyewe."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeomba asamehewe. Mama Pindo aliona alivyozeeka katika siku chache hizo. Alimwonea huruma kweli, na bado alimchukia.

"Lingekuwa hivi mwaka jana, leo ungekuwa babu," alimwambia. "Na mimi ningefungua mdomo, leo ningekuwa bibi."