Sufuri ya Wamaza

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, nakosea, ni ishirini na tatu, maana kadi za kura zilikuwa zimekwisha kutolewa, na karanga za kijiji cha Wamaza zilikuwa zimeanikwa. Pélagie alikuwa juani akizigeuza, na hasira alikuwa nayo tayari.

Haikuwa hasira ya kugombana na jirani. Ilimwanza siku dada yake mdogo alipofia juu ya kipoyi, akibebwa na wanaume wanne kwenda kujifungua Kabambare, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika na hakuna pikipiki iliyokubali kupita. Tangu hapo kila mheshimiwa aliyekuja kugawa fulana, Pélagie alimuuliza barabara iko wapi. Mwishowe wanawake wa mashamba, wa msikitini na wa kanisani, wakamwambia, "Mama, umeuliza vya kutosha. Sasa ingia wewe mwenyewe."

Chama alichoingia kilikuwa na nafasi moja tu ya mgombea ubunge upande wao, na walioitaka walikuwa wawili: yeye, na Alain, mnunuzi wa dhahabu, mzaliwa wa Kabambare anayelala Bukavu. Dominique, katibu wa chama kule Kasongo, akatangaza kwamba jambo litaamuliwa kwa sondaji, kura ya maoni kwenye grupu ya WhatsApp: majina mawili, kila mtu abonyeze lake.

Sasa, Wamaza rezo, mtandao wa simu, haishuki bondeni. Ukitaka kuipata, panda mlima. Na telefone ya maana ilikuwa moja, ya Evariste katekista. Basi Ijumaa, baada ya sala, kijiji kikapanda: vikongwe, wenye majembe begani, akina mama na watoto mgongoni. Evariste akataka kuwabonyezea, wakakataa.

"Kura haitumwi, katekista. Kila mutu na kidole yake."

Walikuwa wanakumbuka ile mashine ya uchaguzi uliopita, yenye picha: unagusa, unatoka, mwenzako anaingia. Wakapanga mstari. Mmoja mmoja wakabonyeza jina la Pélagie, na Evariste akawa anafuta kioo kwa pindo la shati kila kikipata udongo wa vidole.

Jumapili matokeo yakatoka. Alain juu. Pélagie sufuri, hata moja ya kumfariji hakuna. Sauti ya mtu ikacheka kwenye grupu: "Hata mbuzi ya Wamaza haikumuchagua."

Siku hiyo Pélagie hakusalimu mtu. Aliwapita wanawake kisimani kama anapita miti. Alienda moja kwa moja kwa Evariste.

"Katekista, mulipanda kule kunicheka?"

"Mama, niliona vidole na macho yangu."

"Na vidole vilienda wapi?"

Evariste akachukua telefone. Wakapanda mlima wawili. Pale juu katekista akabonyeza jina la Pélagie, na kura moja ikaonekana. Akabonyeza tena ili amwonyeshe vizuri, nayo ikapotea. Telefone moja, kura moja. Wa kwanza aliiweka, wa pili akaiondoa, wa tatu akaiweka, na hivyo hivyo jioni nzima, mpaka bibi Odile, aliyepanda kwa fimbo na kwa mapenzi tu, akaizima akiwa wa mwisho.

"Nifungulie waliomubonyeza Alain," akasema Pélagie.

Evariste akafungua. Majina ya watu wanaokaa Bukavu, Uvira na Kinshasa, na namba moja ya Burundi.

"Na huyu wa Burundi, shamba yake iko wapi kwetu?"

Hasira ikahama. Kwa watu wa Wamaza ikatoka, ikashika njia ya Kasongo, na yeye akaifuata kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope.

Dominique alimpa kiti na chai. "Mama yangu, hiyo ndiyo demokrasia. Ungefundisha batu yako telefone."

"Batu yangu wanajua kuchagua. Wewe nitafutie, kati ya hawa wa Alain, mumoja tu aliyelala Wamaza hata usiku moja. Ukimupata, narudi kulima."

Dominique akatabasamu, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Mama, hata ukiwa na haki, sasa tutafanya nini? Lisiti ya majina ya wagombea iko Kindu. Iliondoka Alhamisi ya wiki iliyopita."

Pélagie akasukuma kikombe pembeni. Akilini alimwona bibi Odile akipumzika kila hatua chache kwenye ule mlima, akikataa mkono wa kumsaidia.

Aliuliza swali moja kwa sauti ya chini, na Dominique akainamia telefone yake. Akauliza tena akiwa mlangoni. Akamuuliza mkubwa wa Dominique aliyekuja kutoka Kindu, na Alain mwenyewe alipofika Wamaza na fulana zake. Anawauliza mpaka leo, na hakuna aliyemjibu:

"Kama lisiti iliondoka Alhamisi, Ijumaa mulitupandisha mulima tukafanye nini?"