Mwezi Niliouona Peke Yangu

Jioni ile tulikuwa watano ukingoni mwa bonde la Msimbazi: mimi, kaka mkubwa; mdogo wangu wa kiume, mwanafunzi; dada yetu wa mwisho, ambaye hajafikia umri wa kufunga; shangazi, aliyehamia kwetu tulipofiwa na wazazi; na jirani yetu fundi cherehani, mtu wa maneno. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Mwezi ukiandama, kesho Idi. Usipoandama, tunafunga ya thelathini.

Nyumbani kwetu mtazamaji alikuwa baba. Akisema ameuona, tulikula bila kungoja habari ya msikitini. Alipofariki, kazi hiyo ikaja kwangu pamoja na nyingine zote. Niliacha shule darasa la pili nikawa mchuuzi wa pweza. Mwezi niliujua kwa miguu. Ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa bamvua: bahari inakupwa mbali, akina mama wanatoa pweza miambani, nami nawabeba pweza hao mpaka Kariakoo. Ukiwa nusu, maji hayatoki sana na kapu langu ni jepesi.

Wiki ile, baada ya futari, mdogo wangu alituwekea koroboi, chungwa na ndimu. Koroboi ni jua, akasema, chungwa ni dunia, ndimu ni mwezi. Akaizungusha ndimu taratibu. Ilipofika kati ya chungwa na taa, upande wa kwetu ukawa giza.

"Hapo, kaka, jua na mwezi vinaivuta bahari kwa pamoja. Ndiyo bamvua yako hiyo."

Bamvua yangu. Nilikuwa nimeitembelea miaka sita, kapu kichwani, yeye akaipata ameketi kwenye dawati ambalo pweza wangu walilipia. Shangazi akampigia kigelegele. Sikukumbuka mimi kupigiwa hata kimoja. Niliichukua ile ndimu nikaikamulia kwenye supu yangu, ingawa supu ilikuwa kali tayari.

Basi pale bondeni, jua lilipozama, mdogo wangu akasema, "Leo hauonekani. Umepita karibu na jua mchana huu huu, sasa unatua nalo. Kitabu cha mwalimu kinasema kesho."

Fundi akacheka. "Haya, leo tumfuate nani? Mwalimu au pweza?"

Shangazi akageuza shingo kumtazama mdogo wangu. Mimi hakunitazama.

Juu ya minazi palikuwa na kitu chembamba, cheupe, kimepinda kidogo.

"Ule pale," nikasema.

"Wapi, kaka?"

"Macho yako yamezoea vitabu."

Alitazama tena, kwa adabu. "Baba yenu hakukosea hata mara moja," akasema shangazi, akaenda kuchagua mchele wa Idi.

Kesho yake tulikula pilau. Mtaa mzima ulikuwa umefunga. Shangazi alifunga madirisha ili harufu isitoke, na fundi, ambaye hakunifuata, alipita barazani akiuliza kwa sauti kama kuna aliyeungua. Mdogo wangu alikula kwa sababu nilimwambia ale.

Magharibi mwezi ukaandama kweli, mwembamba, chini kabisa, na watoto wa mtaa wakapiga kelele. Ungeandama jana, usingekuwa vile. Mdogo wangu akanisogelea. "Labda jana ulikuwa umechoka, kaka."

Heri angenicheka. Mpaka leo sijui kama nilisema uongo. Ninachojua ni kwamba nilitaka sana akosee, na jicho likanitii. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena habari ya mwezi. Walimuuliza yeye.

Tulidaiwa siku moja ya kufunga kila mmoja, isipokuwa dada yetu wa mwisho. Mdogo wangu alilipa yake mara tu baada ya Idi. Mimi nikalipa yangu. Shangazi alikuwa ameanza kuugua kifua. "Yangu utanifungia wewe, baba," aliniambia akitabasamu. "Ni macho yako yaliyoila."

Nilimwahidi. Alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata. Mdogo wangu aliomba amfungie yeye, nikakataa. Nilisema deni hilo ni langu. Na ni langu. Lakini kila ninaponuia naiona ile shingo ya shangazi ikigeuka upande wa mdogo wangu pale bondeni, nami naahirisha. Siku yake bado sijaifunga.