Msichana wa Nchi ya Barafu na Sweta la Baba

Mdogo wangu alikuja Kitale kuniambia kwamba amepata mchumba, na alipoondoka akaniachia kitabu. Yeye ni mwalimu Bungoma, na hadithi za upelelezi ndizo ulevi wake.

"Soma hiki, dada," alisema. "Ni cha nchi za barafu. Msichana alipotea, polisi wakachoka, kesi ikalala miaka na miaka. Sasa kuna mzee ameifungua upya."

Baba yetu pia alipotea. Siku ya soko alitoka Chwele kupanda Kapsokwony, huko Mlima Elgon, kununua vitunguu, na hakuna aliyemwona tena. Mama alimngoja mpaka akafa. Mimi, kifungua mimba, nikaacha shule darasa la saba, nikajifunza cherehani, wadogo zangu wakasoma.

Nilikisoma kidogo kidogo kwenye kibaraza ninaposhonea, kati ya mteja na mteja. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, na majina ya huko yamejaa herufi zenye nukta kichwani, kana kwamba nzi wametua. Nikayaruka. Mpelelezi nilimwita Mzee wa Kahawa, maana hakuna nyumba aliyoingia asitiliwe kikombe.

"Fundi, hiyo ni Biblia ama ni mambo ya mapenzi?" mteja mmoja aliniuliza.

"Ni mambo ya maiti."

"Woi! Nipe sketi yangu niende, usije ukanishonea sanda."

Tukacheka. Lakini mimi sikuwa namtafuta muuaji. Nilimfuata mama wa yule msichana. Baridi ilipokaribia, kila mwaka alitoa zile mbao ambazo binti yake alitelezea juu ya theluji, akazipaka nta, akaziegemeza mlangoni. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa kama tunapakana ukuta. Chini ya kitanda changu, huku mtaa wa Kipsongo, kulikuwa na sweta la baba, la kijani, lenye vifungo. Mvua zilipoanza nililifua na kukagua mishono. Mlima Elgon una baridi. Mtu akishuka kutoka huko atataka kitu cha kuvaa.

Nilikuwa katikati ya kitabu baba mdogo alipopiga simu kutoka Bungoma.

"Mama," akaniita, kama wanavyotuita sisi mabinti wa ukoo, "wageni wa mahari wanataka kuja. Watapokelewa na nani? Baba yenu haijulikani kama yuko ama hayuko. Lazima tumzike kwanza."

"Mtazika nini, baba?"

"Si unajua. Mgomba."

Nilijua. Kwetu mtu akipotea kabisa hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukalazwa kaburini, watu wakamlilia, ili roho yake iache kuzurura.

"Nguo zake zingine ziliisha," aliendelea. "Lete lile sweta. Hatukulazimishi, wewe ndiye mkubwa wao. Lakini ukikataa, huyo mtoto haolewi."

Niliomba muda. Sikumwambia kwamba nataka kumaliza kitabu kwanza. Angedhani namfanyia mzaha. Nilitaka kujua yule mama atafanya nini. Nilisoma nikipika, maharagwe yakaungua.

Mdogo wangu naye akapiga. "Sasa, dada? Wamemshika?"

"Ngoja bana, mimi si mwalimu. Bado wanakunywa kahawa."

Alicheka. "Dada, kama hauko tayari, nitamwambia mchumba wangu angoje."

"Angoje mpaka lini?"

Nikakata simu, nikarudi kwenye kitabu.

Mwishowe Mzee wa Kahawa aliipata mifupa ya msichana chini ya sakafu ya kibanda kando ya ziwa. Muuaji akakamatwa. Mama akapigiwa simu, akaketi, na kitabu kikaishia hapo. Hakikusema zile mbao alizifanyia nini. Niligeuza ukurasa wa mwisho, nyuma palikuwa peupe.

Nilimwonea wivu yule mama. Yeye aliletewa binti yake. Kesi ya baba haijawahi kufunguliwa na mtu yeyote. Laiti yule mzee angefika Kitale! Ningempa chai, maana kahawa sina, na kumpeleka mwenyewe mpaka Kapsokwony, kwenye zile barabara za kupanda zinazochosha hata pikipiki. Angebisha mlango baada ya mlango. Nani alimwona mwisho? Alikuwa na mzigo? Aliongea na nani? Hata asingempata, angalau kungekuwa na mtu aliyeuliza.

Nililifua sweta nikaenda Bungoma.

Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye mkeka uani, mnene, ukichuruzika maji pale ulipokatwa. Baba mdogo alinyoosha mkono apewe sweta. Nikamwambia nitamvika mwenyewe. Nilifunga vifungo nikianzia chini. Nilipofika shingoni niliona mikono ya sweta imelala mitupu ubavuni, na hapo nikalia kwa sauti mbele ya ukoo mzima, mimi ambaye sikulia hata siku ya kumzika mama. Mdogo wangu akachuchumaa, akashika mkono mmoja. Mimi nikashika wa pili.

"Tuifunge kwa nyuma," baba mdogo alisema, "isitusumbue tukiteremsha."

"Tuacheni kidogo, baba."

Wakatuacha. Tulikaa hivyo mpaka maji ya mgomba yakalowesha sufu na kufika viganjani mwetu. Kisha nikawaambia wambebe.