Chuya ya Bi Mwatumu

Ngamiani nzima ilimjua Bi Mwatumu kwa ungo wake. Tangu alipoachika na mtoto mgongoni, miaka thelathini sasa, haikupikwa pilau ya harusi mtaani bila yeye kuitwa kuchagua mchele. Shule aliishia la tatu, lakini macho, mashallah! Vijiwe alivitenga kando, na chuya, zile punje zilizobaki na maganda, alizirusha nyuma ya bega bila kugeuka. Kuku wake watatu walishajua pa kusimama.

Kwa macho hayo Sabra, mtafiti wa mabaki ya kale, alimtafuta. Mawe yaliyochimbwa vilimani yalilowekwa kwenye dawa yakawa mchanga, na mchanga ukaletwa uani kwa Bi Mwatumu atafutemo meno. Meno ya nani? Ya kinyama kidogo kuliko panya, kilichokwisha duniani zamani za dinosaria, kikaacha taya moja tu lenye pengo.

"Bi Mwatumu, shikamoo," Sabra alisema Jumatatu moja, akamwonyesha mchoro kwenye simu. "Jino la pengo lile litakuwa hivi, jeusi, na vinundu vitatu kwenye mstari. Hilo ndilo litakalotuambia alikula nini."

"Marahaba, mwanangu," alijibu. Kitu kile alikiona wiki iliyopita. Vidole, kwa mazoea yao, vilikiita chuya vikakirusha.

Sabra alipoondoka tu, alimwita jirani yake Idarusi amchinjie kuku wote watatu, hata tetea aliyekuwa akitaga.

"Kwani kuna hitma?" Idarusi aliuliza.

"Chinja, baba. Usinihoji."

Alipasua firigisi moja baada ya nyingine. Katika ya tatu, kati ya changarawe, jino lilikuwemo! Alilia kwa furaha, akalisuuza. Ndipo alipoona kwamba vinundu havipo. Firigisi ilikuwa imevisaga vyote, jino limekuwa laini kama shanga.

Aibu ilimchoma. Angeanzaje kusema? Karatasi za Sabra zilimwandika "Mwatumu Hatibu, mchambuzi", na hakuna aliyewahi kumwandika kwa lolote ila kwenye cheti cha talaka. Kesho yake alilifunga jino kwenye pamba, akampa Sabra, akanyamaza.

Sabra alilitazama kwa hadubini, akapiga kelele.

"Limelika kwa kusaga! Bi Mwatumu, sote tulidhani alikula wadudu. Kumbe alikuwa mla mbegu! Nawaandikia wenzangu sasa hivi, na mwishoni naweka jina lako."

Akafungua kompyuta, akaandika kwa pupa. Bi Mwatumu alimtazama, roho ikimsuta. Mnyama wa watu, amekufa zamani zote hizo, hana ndugu wa kumsemea, leo anazushiwa chakula asichokila.

"Usiipeleke hiyo," alisema.

"Kwa nini?"

"Hakula mbegu huyo, mwanangu. Jino limesagwa kwenye firigisi ya kuku wangu. Mimi ndiye niliyemrushia."

Sabra akaanza kufuta alichoandika, herufi moja moja kutoka mwisho, na cha kwanza kufutika kikawa jina la Bi Mwatumu.