Rudi Upime Tena

Kati ya siku zangu zote za kazi, mwanangu, kuna moja inayonirudia kila nikiona mabati yanang'aa juani. Ilikuwa papa hapa Katelembo ninapokuandikia. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, mpima ardhi, na kichwa changu kilikuwa kimevimba hata kofia hainitoshi.

Nilikuwa nimerudi majuzi kutoka ng'ambo, kwenye kozi ya juu ya mawimbi ya setilaiti na vipokezi vyake. Wewe nawe umetoka kozi kama hiyo juzi, ndiyo maana nakuandikia. Nadhani upweke wake unaujua. Miezi minane nilikaa chumba chenye dirisha moja nikitazama grafu, na hakuna aliyelitamka jina langu likatoka sawa. Setilaiti ndizo zilikuwa jamaa zangu. Nilizijua kwa namba, nikajua ipi inachomoza saa ngapi, na ipi ikizama nami naenda kula. Usinicheke, najua umefanya vivyo hivyo.

Mwalimu wetu alitueleza kwamba wimbi likifika huku chini huwa hafifu mno, limefunikwa na kelele. Kipokezi hulitambua kwa sababu tayari kina nakala ya mpangilio wake, kama wewe unavyoitambua sauti ya mamako katikati ya soko la Machakos. Kisha akatuonya juu ya mabati. Wimbi likigonga bati hurudi na kufika limechelewa, na kipokezi hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Ukiwa huna budi kupima mahali kama hapo, akasema, ondoka, urudi saa nyingine setilaiti zikiwa zimehama, upime tena. Nililiandika hilo daftarini nikalipigia mstari, na kwenye mtihani nikalijibu bila kukosea.

Sasa sikiliza. Bikoni moja ya mpaka, yale mawe yetu ya pembeni mwa shamba, ilikuwa imeng'olewa na trekta. Upande mmoja aliishi mjane tuliyemwita Mama Nduku, na upande wa pili jirani aliyekuwa amejenga stoo ya mabati karibu kabisa na kona ile. Nilikuja asubuhi na kipokezi changu kipya na msaidizi wangu, Mzee Mutiso, aliyebeba vifaa vya upimaji tangu mimi sijazaliwa. Watu walijaa kutazama, na mimi nilipenda kutazamwa. Baada ya dakika chache skrini ikaandika kwamba imepata jibu, na kosa lake halizidi sentimita mbili. Nikaagiza jiwe lisimikwe pale.

Mama Nduku alikuwa amesimama na jembe lake. Alisogea taratibu akaonyesha kwa mguu, hatua mbili hivi kutoka kwenye jiwe langu.

"Mpaka ulikuwa hapa," akasema. "Mume wangu amelala hapo, na nafasi yangu iko hapo kando yake. Sasa hiyo jiwe imenitoa."

Nikamwambia, "Mama, hii mashine haidanganyi."

"Mimi siko na mashine, mwanangu. Niko na mtu nilimzika."

Mzee Mutiso alinivuta kando. "Injinia, turudi mchana tupime tena. Ni nini tunakimbilia?"

Alikuwa hajawahi kukanyaga kozi yoyote, na neno lake lilikuwa lile lile nililolipigia mstari. Lakini kurudi mchana kungemaanisha kukiri mbele ya watu wale wote kwamba labda nimekosea. Nikafunga vifaa. Tulipokuwa tukiondoka, Mama Nduku aliniuliza nitarudi lini. Nikacheka kidogo, nikamwambia hakuna haja.

Mutiso alistaafu mwaka ule na hakuniaga. Mimi nikapanda cheo.

Miaka miwili baadaye nilipewa vijana wa kufundisha. Nikatafuta vipimo vya kuwaonyesha kazi safi inavyokuwa, nikachagua vile vya Katelembo kwa sababu nilivionea fahari. Nikachora grafu mbele yao. Setilaiti zote za upande wa stoo, nguvu ya mawimbi yake ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Mtu yeyote aliyesoma angejua ni bati. Niliwaambia vijana wapumzike, nikabaki peke yangu darasani.

Nilimfuata Mutiso kwake, nikamwomba anisindikize. Hakunisuta wala hakuniuliza kitu. Alivaa buti zake, akashika fimbo ya kipokezi asubuhi, akaishika tena mchana. Vipimo viwili vikakubaliana, na mahali vilipoangukia ni pale Mama Nduku alipoweka mguu. Jirani hakubisha. Alisaidia hata kuling'oa lile jiwe langu.

Lakini nyumba ya Mama Nduku ilikuwa na kufuli. Alikuwa amehamia kwa binti yake kule Kithyoko. Nilienda siku iliyofuata na karatasi ya vipimo vipya mkononi, nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Binti yake, Nduku mwenyewe, alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashikana.

"Tungemzika kando ya baba," akasema, "lakini hiyo nafasi mlipea jirani."

Akanitazama bila hasira, na afadhali angenitukana.

"Alikuwa anakungoja, unajua. Alikuwa anasema yule kijana amesoma, lazima atarudi."

Ndivyo walivyo mpaka leo, mwanangu, mume Katelembo na mke Kithyoko. Nilipostaafu nilipanga chumba hapa karibu. Kila wiki napalilia kaburi la mtu nisiyemjua, kisha narudi kukaa peke yangu. Watoto wangu wa kuwazaa wako Syokimau, wana shughuli zao. Mutiso alishatangulia. Hakuna ninayemlaumu.

Ninachokuomba ni hiki. Cheti chako ni kizuri, kitundike ukutani. Ila skrini ikikupa jibu mbele ya watu na moyo wako ukivimba, ondoka hapo, ukanywe chai, urudi setilaiti zikiwa zimehama. Na mtu akiweka mguu chini akakwambia ni hapa, pima na hapo pia. Itakuchukua siku moja tu.

Mungu aibariki mikono yako na macho yako. Akujalie wazee wa kukwambia rudi. Na pale unapongojwa, akufikishe mwenye kukungoja akiwa bado mlangoni.